Mwalimu Walburga na Nyumba ya Mashine

Mwalimu Walburga Nungu alistaafu akiwa na miaka sitini kamili, na kitu kimoja kilikuwa kimemkaa rohoni miaka thelathini na sita ya ualimu: kipindi cha kuchora. Kila shule aliyofundisha, kuanzia Madaba mpaka hapa Songea mjini, kipindi hicho kilikuwepo kwenye ratiba, kimeandikwa vizuri kabisa, Ijumaa saa tano na nusu. Na kila Ijumaa saa tano na nusu mwalimu mkuu alipita dirishani akasema, "Mwalimu, hicho kipindi kitumie kwa hesabu, mitihani imekaribia." Mitihani ya nchi hii, nani alishawahi kuiona ikiwa mbali? Basi watoto wanafungua madaftari ya hesabu, na Walburga anafuta ubaoni ua alilokuwa ameanza kulichora.

Wenzake waliostaafu naye walifuga kuku. Yeye kuku hakuwataka. Alikuwa mjane, watoto wake wawili wako mbali, mmoja Mbeya na mwingine Dodoma, na nyumba yake ya Ruhuwiko ilikuwa kimya mpaka akawa anawasha redio asubuhi ili asikie sauti ya mtu. Akatia nia. Kabla hajafa, patakuwa na mahali katika mtaa huu ambapo mtu akiingia haulizwi amefaulu au amefeli. Anayetaka kuchora achore, anayetaka kufinyanga afinyange, anayetaka kukaa tu na kuangalia wenzake akae. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani, na si jambo kubwa, jamani, ukilinganisha na wanayoyataka watu.

Nyumba tatu kutoka kwake palikuwa na jengo ambalo watu wote waliliita kwa mashine. Zamani ndimo ilimokuwa mashine ya kusaga ya Mzee Rupert, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani. Mashine ilikufa, ikauzwa chuma chakavu, jengo likabaki. Matofali yalikuwa ya kuchoma, mazima, lakini mabati yalikuwa na matundu kama chekeche, dari imejaa popo, na chini walilala mbuzi wa mzee mvua ikinyesha. Siku moja baada ya sala ya jumuiya Walburga alimsogelea mzee, akamwamkia, akamwambia anachotaka.

Mzee Rupert alicheka mpaka akakohoa. "Mwalimu, mle hata mbuzi wangu wanaingia kwa kukosa pengine. Chukua. Fanya kama kwako."

Alisema hivyo mbele ya watu wote wa jumuiya, akiwemo Fundi Osmund, mwashi, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Njiani wakirudi Osmund alimwambia, "Mwalimu, pata karatasi."

"Karatasi ya nini?"

"Mzee aandike kwamba amekupa. Hata mistari miwili."

Walburga alisimama katikati ya njia. "Osmund, nimfuate mzee wangu nimwambie aandike? Nitakuwa namwambia nini? Kwamba atakufa karibuni, au kwamba ni mwongo?"

Osmund aliendelea kutembea, maana naye angeona haya vilevile. Ndivyo tulivyo huku. Mtu akikuuzia baiskeli kuukuu mtaandikishana mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wanne na mhuri juu. Lakini mzee unayesali naye rozari, aliyekushika mkono siku unamzika mume wako, huyo humwambii habari za karatasi. Ukimwambia, umemtukana. Walburga hakumwambia, na wala hakulifikiria tena jambo hilo.

Kazi ilichukua mwaka na nusu. Kiinua mgongo chake kiliishia kwenye mabati na mbao, na yeye hakulia hata kidogo. Alizoa kinyesi cha popo kwa ndoo, kitambaa kimemziba pua, watoto aliowafundisha wakipita na kumwuliza, "Mwalimu, unatafuta nini humo?" Sakafu ilikuwa imenyonya oili ya miaka ishirini, wakaichimba yote, wakamwaga mpya. Mabenchi aliyanunua kwa watawa wa Hanga, yaliyokuwa yametupwa stoo huko, akayapiga msasa mwenyewe mpaka vidole vikatoka damu. Lile tuta la zege lililofungiwa mashine hawakulivunja, waliligeuza meza ya kukandia udongo. Osmund alikuja kila jioni akitoka kwenye vibarua vyake, akapiga lipu kuta zote nne bila kudai chochote. Alikuwa amefiwa na mkewe mwaka uliotangulia, na kukaa nyumbani peke yake kulimshinda.

Mfinyanzi alijitokeza mwenyewe. Biasha, mama wa Kiyao wa kutoka Tunduru, aliyekuwa akiuza vyungu sokoni akipigwa na jua na kunyeshewa na mvua, alichungulia mlangoni akauliza kama kweli mtu yeyote anaruhusiwa. Alipoambiwa ndiyo, alivua ndala, akaingia, akaliangalia lile tuta la zege, akalipiga kwa kiganja mara mbili. "Hapa udongo utakubali," alisema. Jumamosi iliyofuata alikuja na udongo wa bondeni kwenye kiroba kichwani, na nyuma yake wanawake watano.

Kuanzia hapo kila Jumamosi palikuwa panajaa. Wakubwa kwa wadogo, wa msikitini na wa kanisani, hata mama mmoja muuza maandazi aliyekuja akakaa miezi miwili bila kugusa kitu, akila maandazi yake mwenyewe. Walburga hakumwuliza neno. Mwezi wa tatu mama yule alishika makaa akachora mbuzi, na alikuwa mbuzi hasa, mwenye dharau usoni kama mbuzi wa kweli. Walburga alitoka nje akalia nyuma ya nyumba, akarudi amejifuta macho.

Lakini fahari ya nyumba ilikuwa ukuta wa mbele, ule unaotazamana na mlango. Walikuwa wameupaka udongo mweupe, kisha kila aliyetaka akachora hapo sura ya mtu wake, kwa udongo mwekundu, majivu na makaa. Sura thelathini na kitu. Nyingine zilikuwa na macho yasiyolingana, nyingine shingo ndefu kuliko haki, lakini kila mmoja alijua ni nani. Biasha hakuchora. "Mimi sura siwezi, Mwalimu, dini yangu hainipi ruhusa," alisema, ila ndiye aliyewasagia wenzake rangi. Osmund alichora mkewe. Alimaliza Jumamosi nne, fundi yule wa kushika mwiko, akifuta na kurudia mdomo, kwa sababu alisema marehemu alikuwa hafungi mdomo wake sawasawa, palikuwa na upenyo kidogo. Siku alipoupata ule upenyo aliweka brashi chini, akakaa kwenye benchi mpaka jioni. Toka siku hiyo alikuwa akifika anamwangalia kwanza mkewe ndipo anawasalimia watu.

Mzee Rupert naye alikuja mara nyingi. Alikaa karibu na mlango na fimbo yake, akasema mashine haikuwahi kumletea watu wengi namna hii. Walburga akamwamini Mungu na akalala usingizi.

Mzee alifariki Aprili, mvua zikiwa za kutisha. Hakuugua sana, siku tatu tu. Asubuhi ile Raphael, mwanawe mkubwa, aligonga mlango wa Walburga amelowa chapachapa. Raphael alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, na zamani alikuwa mwanafunzi wa Walburga darasa la nne. Aliinamisha kichwa. "Shikamoo, Mwalimu. Mzee ametutoka."

Walipokwisha kupeana pole, Raphael alisema nyumba yao ni ndogo, maturubai yanavuja, na waombolezaji watatoka mpaka Madaba. Mwili utafika saa nane. "Tulikuwa tunaomba, Mwalimu, kule kwa mashine..."

Walburga alisema ndiyo kabla hajamaliza. Angesemaje? Nyumba ni ya marehemu mwenyewe, msiba ni wake, na mvua inamwagika. Mtu wa kukataa jambo hilo hajazaliwa Songea. Alimkabidhi funguo zote mbili, ule wake na ule wa akiba, akaenda kuwaita wenzake wasaidie kutoa vitu.

Walitoa mabenchi, makaratasi, mikeka iliyosukwa nusu. Palikuwa na vyungu arobaini vya akina Biasha ambavyo havijachomwa bado, vibichi, vinasubiri jua. Wakavipanga nje chini ya paa, vikitegemea ukuta, na kuvifunika kwa mifuko ya sandarusi. Upepo ulikuwa wa kusukuma mvua mpaka chini ya paa. Saa sita mchana mifuko ilikuwa imepeperuka, na vyungu vimeanza kulegea kimoja kimoja, vinakaa chini, vinarudi kuwa tope. Biasha alisimama akaviangalia. "Udongo upo tele bondeni," alisema, akaingia kusaidia kufagia.

Ndipo alipofika Shangazi Oliva, dada wa marehemu, bibi wa miaka themanini mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba maji. Aliingia, akatazama ukuta wa mbele, akasimama palepale.

"Hawa ni akina nani?"

Walburga alimwamkia, akamweleza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole kwenye ile sura yenye upenyo mdomoni. "Na huyu?"

"Huyu ni marehemu mke wa Fundi Osmund, Shangazi."

"Kwa hiyo mmoja wao amekufa." Bibi alijifunga kitenge chake upya. "Kaka yangu hatalazwa mbele ya watu nisiojua ukoo wao, na mfu mwingine anamtolea macho. Zifutwe."

Mila hiyo hakuna mtu pale aliyewahi kuisikia, hata katekista, ambaye alijifanya anapanga vitabu vya nyimbo. Lakini nani atabishana na dada wa marehemu, saa mbili kabla mwili haujafika? Walburga alitafuta macho ya Raphael, na Raphael akatazama sakafu. Akawaza kufunika ukuta kwa mashuka, akalisema hilo, na Shangazi akajibu kwamba shuka si ukuta.

Basi Walburga akafanya hesabu zake, yeye aliyezichukia hesabu maisha yake yote. Alijiambia: nikiwapa hili, wataona kwamba mimi ni mtu wao. Wataona sikung'ang'ania. Na msiba ukiisha hawatakuwa na uso wa kuninyang'anya nyumba. Sura zitachorwa tena, watu bado wapo. Aliyaamini maneno hayo kabisa, akaenda kukoroga chokaa kwenye ndoo.

Osmund alikuwa mlangoni, na kofia yake mkononi. Walburga alimwendea. "Osmund, nisamehe. Nianze na upande ule mwingine, wewe uende kwanza?"

"Paka tu, Mwalimu," alisema Osmund. "Msiba ni msiba."

Rangi ya udongo haina ubishi, ikiguswa na maji inaondoka. Walburga alipaka mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sababu hakutaka mtu mwingine azifute. Alianza na sura za watoto, akaja kwa wazee, na yule mke wa Osmund akamwacha mwisho. Alipogeuka Osmund hakuwepo. Alimwona tena kaburini siku iliyofuata, akishika koleo pamoja na wanaume wengine, na baada ya hapo hakumwona Jumamosi hata moja. Alipomfuata nyumbani, Osmund alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamwambia kwamba kazi zimekuwa nyingi.

Mzee Rupert alizikwa kwa heshima. Nyumba ilisifiwa na kila mtu. Wageni walipiga kuta kwa viganja vyao, wakatazama mabati, wakasema kweli marehemu alijua kujenga. Walburga alisikia hayo akipita na sinia la ugali, akaendelea kugawa.

Matanga yaliisha siku ya saba lakini magodoro hayakuondoka. Kulikuwa na shangazi wa Njombe anayesubiri gari, kisha shemeji anayesubiri shangazi. Wiki ya tatu Walburga alijikaza kisabuni akamwendea Raphael, akamwuliza taratibu kama Jumamosi wenzake wanaweza kurudi, hata kona moja tu. Raphael alimjibu kwa upole uleule. "Mwalimu wangu, tumalize arobaini kwanza. Tukifungua kabla, wazee watasema hatumheshimu mzee."

Ubaya wa jambo lenyewe ni kwamba Raphael hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mwizi, Walburga angejua pa kushika. Angepiga kelele, angemfuata paroko, angewakumbusha wanajumuiya maneno ya mzee waliyoyasikia kwa masikio yao. Lakini huwezi kumpigia kelele mtu anayekuamkia na kukufungulia mlango. Akasubiri. Kila Jumamosi alimwambia Biasha na wenzake, "Baada ya arobaini." Wakapungua mmoja mmoja, wakabaki watatu.

Arobaini ilifika mwishoni mwa Mei, baridi imeanza. Palisaliwa misa, watu wakala wali na nyama ya ng'ombe, na baada ya chakula wazee wa ukoo wakakaa mbele kutoa taarifa, kama ilivyo desturi. Raphael alisimama na kutaja waliosaidia. Alitaja kwaya. Alitaja jumuiya. Kisha akasema, "Yuko mtu mmoja ambaye ukoo huu hautamsahau. Naomba Mwalimu Walburga aje mbele."

Walburga alisimama. Ndiyo hii, alijisemea. Wananirudishia mbele za watu, kama nilivyopewa mbele za watu. Alitembea mpaka mbele akiwa na tabasamu ambalo hakuweza kulizuia.

"Jengo hili la mzee lilikuwa linaanguka," alisema Raphael. "Mimi nilikuwa kwenye safari zangu, ndugu zangu wako mbali. Mwalimu alilitunza kama lake. Alilifufua. Leo familia ina mahali pa kuhifadhi mavuno yake kwa sababu ya mikono ya mama huyu. Wazee wamekaa, wameona Mwalimu amefanya kazi kubwa mno, na sasa ni mtu mzima. Ukoo unasema Mwalimu apumzike. Na hatutaki apumzike bila kumshukuru."

Shangazi Oliva aliinuka kwa msaada wa wajukuu, na kitenge kipya mikononi, cha rangi ya njano na buluu. Alimfunga Walburga kiunoni kwa mikono yake mizee, taratibu, akamkumbatia. Wanawake wakapiga vigelegele. Raphael akampa kipaza sauti.

Alikuwa na la kusema. Lilikuwa hapo kooni: baba yenu alinipa, na wote mlikuwepo. Alitazama watu wa jumuiya, wale waliosikia siku ile, nao walikuwa wakimpigia makofi kwa furaha ya kweli, wakidhani wanamheshimu. Hapakuwa na sura hata moja iliyoona kwamba ananyang'anywa kitu. Akasema maneno mawili matatu, akarudisha kipaza sauti, akarudi kukaa. Kitenge kilikuwa kizuri, cha bei. Watu wa kando yake walikishika kitambaa wakakisifu.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa mazoea tu, miguu ilimpeleka. Lori la Raphael lilikuwa limeegeshwa mlangoni, vijana wanashusha magunia ya mahindi, yanapangwa mpaka juu kwenye ule ukuta wa mbele. Mlango ulikuwa na kufuli jipya. Biasha alikuwa amekaa kwenye jiwe ng'ambo ya njia, kiroba cha udongo kikiwa miguuni pake. Wale wengine wawili hawakuja.

"Watu wameniambia ulitangaziwa jana kwamba humu sasa ni mahindi," alisema Biasha. "Nikasema hapana, nimsubiri Mwalimu mwenyewe."

"Si jana. Ni siku ya arobaini."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Biasha alifuta mikono kwenye khanga yake ingawa ilikuwa mikavu. Hakuwepo siku ile, alikuwa Tunduru kwa mwanawe, na alitaka kujua kama kuna neno lolote lililobaki la kushika, la kwenda nalo kwa mzee fulani au kwa mtendaji. "Alipomaliza kusema hayo yote, Mwalimu, na wewe wakakupa nafasi. Ulisemaje?"

Walburga alitazama vijana wakiingiza gunia lingine.

"Nilisema asante," alisema.

Biasha aliinua kiroba chake, Walburga akamsaidia kujitwika, na wakaachana pale, kila mtu akashika njia ya kwake.